Siku ya tatu tupeni jembe: barua ya wazi kwa wahifadhi wa Msitu wa Ashdown

Kwa Waheshimiwa Wahifadhi wa Msitu wa Ashdown, East Sussex, Uingereza,
na kwa wote wenye dhamana ya ardhi ile

Waheshimiwa, salaam.

Najua hamsomi Kiswahili. Nakala ya Kiingereza nitawaletea mwenyewe, lakini hii ya wazi nimeiandika kwa lugha yangu makusudi, kwa kuwa nusu ya yaliyomo yanawahusu watu wangu: Watanzania, Wakenya na Wakongo wa London, Crawley na Reading ambao Jumapili ikitoka jua wanapakia watoto, chapati na madumu ya juisi kwenye gari, safari mpaka kwenu. Barua ya wazi jirani huisikia kabla haijamfikia mwenyewe. Wacha nao wasikie.

Mara ya kwanza nilikuja kwa kudanganywa na jina. Mwenzangu kazini aliniambia kuna msitu mkubwa kilomita 50 hivi kusini mwa London. Mimi ni mzaliwa wa Marangu, chini ya Kilimanjaro. Kwetu ukitaja msitu mtu anaona miti iliyofungamana juu mpaka mchana unageuka jioni. Nikafika, nikashuka garini, nikaangaza macho: uwanda wazi, upepo, vichaka vya kahawia vinavyofika magotini, na kundi la misonobari limesimama kilimani kama wazee barazani. Nikamwuliza mke wangu, "Msitu wenyewe uko wapi?" Akasema labda wameshaukata.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba neno lenu la msitu halikuanza na miti. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, neno hilo lilimaanisha ardhi ya mfalme ya kuwindia, iwe na miti au isiwe nayo. Kufikia 1283 eneo hili lilikuwa limezungushiwa tuta, mtaro na uzio wa mbao wenye urefu wa kilomita 37 hivi, kulungu wakiwa ndani na wanavijiji wakiingia kwa malango 34. Malango yenyewe yalioza zamani, majina yakabaki: Chelwood Gate, Coleman's Hatch, Chuck Hatch. Sasa kila nikipita kwenye vibao hivyo barabarani najiona naingia kwa hodi.

Siku hiyo ya kwanza niliinama nikachuma kitawi. Maua madogo ya zambarau, kila moja kama kikombe cha kahawa kilichopinduliwa, majani membamba yamekaza kwenye kijiti kama sindano. Nikapigwa na butwaa. Mmea huu naujua! Ni erika. Ukipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, ukishapita kibanda cha Mandara, kwenye mita 2,700 na kitu, unatembea katikati ya erika zilizokupita kimo mara tatu, zinaning'iniza kuvu za kijivu kama ndevu za babu. Na hapa Sussex erika wamo, wanafika gotini. Ni kama kukutana Ulaya na mtoto wa mjomba ambaye hukujua kama yupo: sura ile ile, kimo kingine. Nilikiweka kile kitawi kwenye pochi, na baadaye nikajua hata hilo si vizuri kulifanya. Nisameheni.

Mara ya pili niliwakosea zaidi.

Ilikuwa siku ya pili ya Idi, tumealikwa na marafiki wa Mombasa, familia tatu, watoto kumi na mmoja. Tulikuwa na yale majiko ya bati ya kutumia mara moja, mkaa umo ndani, unawasha karatasi tu. Mishikaki ilikuwa imelala kwenye viungo tangu usiku. Bango la kukataza moto lilikuwepo pale maegesho, macho ndiyo hayakuwepo. Dakika ishirini hazijapita akatokea dada mmoja mwenye sare ya kijani, hakupiga kelele, hakutuita majina. Akatuamkia, akasubiri tuzime, akamwaga maji yeye mwenyewe mara mbili, kisha akachutama akaweka kiganja chini ardhini kusikiliza joto, kama mama anayempima mtoto homa. Jiko lilikuwa limeacha alama ya pembe nne, nyeusi, kwenye nyasi. Akatuonyesha udongo: inchi chache za kitu cheusi kilicholegea, mizizi na majani yaliyooza, halafu mchanga. Akasema kile cheusi kinaweza kushika moto chini kwa chini, ukaondoka ukadhani umezima, kesho yake moto ukatokea pengine.

Niliona haya mpaka shingoni, na mimi nilikuwa na sababu ya kuona haya kuliko wote pale. Oktoba 2020 nilikuwa macho usiku kucha naangalia simu wakati mlima wetu unaungua. Moto ule ulianzia Whona, mahali wageni wanapopumzika kati ya Mandara na Horombo, ukashika ukanda wa erika, na mamia ya watu, wanavijiji, wapagazi, wanafunzi, wakapanda kuupiga kwa matawi mabichi. Nilituma hela nyumbani kwa ajili ya maji na mikate ya waliokuwa wakizima. Halafu mimi huyo huyo naja kuwasha jiko katikati ya erika za watu.

Nanyi mmekwishaunguliwa. Tarehe 26 Februari 2019, siku ambayo Uingereza iliweka rekodi ya joto la majira ya baridi, nyuzi 21.2 huko Kew, msitu wenu uliwaka sehemu mbili. Februari! Mwezi ambao watu huku wanapangusa barafu kwenye vioo vya magari.

Sasa jambo lililonitatiza, nadhani na wengine linawatatiza. Nilirudi majira ya baridi, nikakuta wanaume wenye misumeno ya mashine wanaangusha miti. Mibirchi iliyonyooka, michanga, gome jeupe, inalazwa mmoja mmoja, matawi yanarundikwa na kuchomwa. Mbele kidogo kipande kizima cha vichaka kimekatwa kama kichwa cha mwanafunzi siku ya kufungua shule. Nikapiga picha, nikaipeleka kwenye kundi letu la WhatsApp. Mnaweza kukisia yaliyofuata. "Wazungu wanatufundisha kupanda miti Afrika, kwao wanakata." "Sisi tumefukuzwa kwa mishikaki, wao wanawasha moto wa tani." Mtu mmoja akaandika kwamba hizo ni kuni za kuuzia matajiri. Nami nilicheka nao, nikaongeza yangu.

Ukweli nilikuja kuupata kwa mikono, si kwa kusoma. Nilijiunga na kikundi kimoja cha kujitolea, siku ya Alhamisi, nikachukua likizo kazini. Tulikuwa watu kumi na wawili, mimi peke yangu chini ya miaka sitini. Nilipewa glavu ngumu, mkasi mkubwa wa kukatia matawi, na sururu. Nilipoishika ile sururu mabega yakakumbuka kila kitu.

Kazi yenyewe ni kung'oa vibirchi. Kimoja kikiwa unene wa kidole unakishika karibu na ardhi, unakitikisa, unavuta bila kushtua, na kikitoka kinatoka na mkia mrefu wa mzizi unaonuka udongo uliolowa. Kilichozidi hapo kinataka sururu. Mama mmoja wa Kiingereza, ana miaka 79, alinionyesha shina alilokata na msumeno, akahesabu pete zake kwa ncha ya kucha: kumi na moja. "Huu ni rika la mjukuu wangu," akasema, akautupa. Na pale tulipong'oa, kwenye udongo uliofunuliwa, akaniambia niangalie baada ya mwaka mmoja au miwili. Nilirudi kuangalia. Erika ndogo kama unyoya, mamia, zimejitokeza zenyewe kutoka kwenye mbegu zilizokuwa zimelala chini zikingoja jua.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nyika ile ya erika si pori lililoachwa. Ni shamba ambalo mazao yake ni uwazi. Udongo wake ni mchanga, mchachu, maskini, na kwa karne nyingi watu waliuweka katika umaskini wake kwa kuuvuna: ng'ombe na kondoo wakila miche, watu wakikata kuni, wakikata makangaga na vichaka vya kutandikia mifugo zizini. Ukiacha kuvuna, kangaga anafunika, birchi anafuata, msonobari nyuma yake, na erika inakufa kivulini. Mwaka 1947 sehemu tisa kwa kumi ya msitu wenu ilikuwa nyika wazi. Kufikia 2007 zilikuwa zimebaki sita. Hakuna aliyeichoma wala kuijenga. Watu waliacha kufuga tu.

Kwetu mlimani mambo yako kinyume, na hili nalisema kwa sababu ndugu zangu kwenye kundi wanachanganya. Kilimanjaro, erika ikiachwa inakuwa mti, inakinga ukungu, matone yanashuka kwenye mizizi na kuingia kwenye vijito vinavyolisha mifongo yetu ya kumwagilia migomba. Mtafiti Andreas Hemp ameonyesha kwamba mioto iliyoteremsha mpaka wa msitu kule juu imeathiri maji ya mlima kuliko hata kuyeyuka kwa barafu ambako dunia nzima inalia nako. Kule moto unaigeuza miti kuwa vichaka. Ashdown, ni kukosekana kwa panga kunakovigeuza vichaka kuwa miti. Mmea wa ukoo mmoja, dawa mbili. Mgeni atayajuaje hayo kwa kupita tu?

Sasa naomba nirudi nyuma kidogo kwenye historia yenu, kwa kuwa hoja yangu imo humo.

Mwaka 1693 ardhi hii iligawanywa. Zaidi ya nusu walipewa watu binafsi, ekari 6,400 hivi zikabaki kwa matumizi ya wenye haki, wanavijiji wa kando ya msitu. Miaka karibu mia mbili baadaye, tarehe 13 Oktoba 1877, kibarua mmoja aitwaye John Miles alikutwa akikata majani ya kutandikia mifugo, kwa niaba ya Bernard Hale, mmoja wa wenye haki. Earl De La Warr, bwana wa ardhi, akasema haki yao ni kulisha mifugo, si kukata na kubeba. Kesi ikaenda mahakamani. Mwanasheria William Augustus Raper akazunguka vijijini, akakaa na wazee majikoni kwao, akaandika walichokata, walikata wapi, na baba zao walikata nini. Mwaka 1880 wanavijiji walishindwa. Mwaka 1881 wakashinda kwenye rufaa, kwa sababu ilithibitika kwamba mazoea yao yalikuwa yamevuka miaka sitini. Na kutokana na vurugu hizo Bunge likatunga sheria ya 1885 iliyoanzisha bodi yenu.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, ninyi mmezaliwa na kesi ya majani ya ng'ombe. Naipenda sana habari hiyo. Bibi yangu alikuwa akipanda alfajiri mpaka ukanda wa nusu maili, ule uliotengwa mwaka 1941 chini ya msitu wa serikali ili Wachaga wapate kuni na majani, anarudi na mzigo kichwani mkubwa kuliko yeye, umande unamtiririka mgongoni. Ng'ombe wetu alikuwa anafungwa ndani ya nyumba, hatoki, analetewa. Nikisoma maneno ya wazee wale wa Sussex waliohojiwa na Raper namwona bibi. Angewaelewa bila mkalimani.

Na hawa wazee, haki yao ilikuwa na kazi ndani yake. Kila mzigo uliotoka msituni uliubakiza msitu. Hakuna aliyewaambia wanahifadhi. Walikuwa wanatafuta matandiko ya ng'ombe.

Leo wenye mifugo wamebaki wachache. Mahali pao tumekuja sisi, wageni, watu milioni moja na nusu hivi kwa mwaka. Haki tumepewa, kazi hatukupewa. Sisi tunachukua upepo, picha, na hewa ya watoto, tunaondoka. Nayo kazi iliyokuwa ya kijiji kizima imeangukia wafanyakazi wenu wachache, kondoo weusi wa Hebrides, farasi wadogo wa Exmoor, na kina mama wa miaka 79 siku za Alhamisi. Kwetu tuna msemo ambao kila mtoto anaujua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu huudhani ni msemo wa uchoyo. Si kweli. Mgeni aliyepewa jembe ameshakuwa mtu wa nyumbani. Anayeendelea kupewa kiti na chai siku ya kumi ndiye ambaye wenyeji wanamsema akitoka.

Tupeni jembe.

Nikiisema hivyo simaanishi muache kutukataza mambo. Katazeni. Sheria yenu ya 1974 inawataka muutunze msitu kama mahali pa watu kupumzikia na papo hapo uwe eneo tulivu, la asili, lenye uzuri wa kipekee, na hilo neno "tulivu" watu wangu tunalivunja kwa spika za Bongo Fleva, nasema wazi. Mwaka huu nilimwomba kijana mmoja apunguze, akaniuliza mimi ni polisi wa wapi. Lakini nimeona mahali pamoja ambapo hakuna anayehitaji kuambiwa. Ni pale kwenye uzio mdogo wa mawe wanapopaita Kaburi la Mwanahewa, ingawa si kaburi, ni kumbukumbu ya vijana sita wa ndege ya Wellington iliyoanguka hapo tarehe 31 Julai 1941 ikirudi kutoka kushambulia Cologne. Niliwasimulia watoto kabla hatujafika. Wale wale waliokuwa wakirushiana maganda ya machungwa walivua kofia. Hakuna bango lililowaambia wavue.

Habari ya kirukanjia nayo iko hivyo hivyo, na hii nitaikalia kidogo kwa sababu ni ya kwetu sote.

Kirukanjia kwa Kiswahili ni yule ndege wa usiku anayelala barabarani kwenye vumbi, taa za gari zikimfikia anaruka dakika ya mwisho. Watu wa pwani wamelitumia jina hilo kumsema binadamu asiyetulia, nisiendelee. Mwezi Mei wanafika kwenu kutoka Afrika. Wale waliofungwa vifaa vidogo vya kufuatilia hapa Uingereza walionekana kupitisha majira ya baridi kusini mwa Kongo. Rafiki yangu wa Lubumbashi nilipomwambia alicheka, akasema basi huyo ndege ana makaratasi yote mawili. Mwezi Juni nilikuja na familia jioni, saa nne kasoro, jua limezama lakini mwanga wa huku unakataa kuisha. Tukasimama njiani, tusiache njia. Halafu sauti ikaanza, mfululizo, inapanda na kushuka kidogo, kama cherehani ya fundi wa chini ya mwembe siku moja kabla ya sikukuu. Binti yangu wa miaka saba akanishika mkono akauliza nani anashona gizani.

Ndege huyo hana kiota. Anataga mayai mawili chini, juu ya ardhi tupu, kwenye nyika. Rangi yake ni rangi ya majani makavu, unaweza kumkanyaga. Mbwa akikimbia nje ya njia, mtoto akikimbia nje ya njia, mama anaruka, mayai yanapoa, kunguru anaona. Sisi Waswahili kwa mbwa hatuna kesi kubwa, kwa watoto tunayo. Tangu usiku ule binti yangu ndiye askari: mtu akitoka njiani kati ya Machi na Agosti anamwambia, "Mshonaji amelala hapo." Hajawahi kusoma kanuni yenu hata moja.

Basi ninachowaomba ni hiki. Msitukaribishe tu, tuajirini bila mshahara. Wekeni siku za kazi Jumapili, siku ambayo watu wa zamu za hospitali, maghala na teksi wanaweza kuja, na mzianzishie pale pale maegesho ambapo tayari tumesimama na chapati zetu. Saa mbili zinatosha. Sururu, glavu za ukubwa wa watoto, na mtu mmoja wa kueleza kwa nini kibirchi hiki kinatoka na msonobari ule unabaki. Najua mna marafiki wa msitu waliojiunga pamoja tangu 1961, na heshima yao ni kubwa. Siombi waondolewe, naomba wapate vijana wa kuwabebea magogo. Bima na fomu zitakuwepo, hii ni Uingereza. Fomu tumezizoea, tumejaza nyingi kuliko ninyi ili tufike hapa.

Mnapokata miti, wekeni mtu au hata ubao mdogo hapo hapo penye visiki, siyo kwenye jengo la ofisi. Mwandike tu: hapa mwaka 1947 palikuwa wazi, tunaparudisha, njoo Agosti uone zambarau. Ile picha yangu ya WhatsApp ingekuwa na majibu yake ndani.

Hela ya maegesho sina ugomvi nayo. Wapo wanaonung'unika kwamba kutembea ni bure tangu enzi za babu zao, na nawaelewa, kwa kuwa wale wazee wa Raper nao walisema hivyo hivyo. Lakini ng'ombe wanakula hela, uzio unakula hela. Nyumba mpya zinazojengwa ndani ya kilomita 7 zinatakiwa kuchangia ili wakazi wake wasiulemee msitu, sembuse mimi ninayetoka kilomita 50. Tuambieni tu pauni zetu zilikata kangaga wa bonde gani. Mchango wa harusi kwetu unasomwa hadharani, jina na kiasi, na ndiyo maana watu wanatoa.

Na mwisho, msiwaache wafugaji wachache waliobaki wakakata tamaa. Hapa nawaambia na ndugu zangu wenye mbwa, na marafiki wa ndugu zangu wenye mbwa: kondoo wameuawa na mbwa mule msituni, na mfugaji akizika kondoo mara mbili, ya tatu anauza kundi. Mashine inakata yote sawasawa. Kondoo anachagua, anaacha hapa, anarudi pale, na kwato zake zinaifungua ardhi kwa mbegu. Bibi yangu angesema ng'ombe ndiye mwalimu wa majani.

Nimezungumza na watu wangu. Kundi letu la WhatsApp lilibishana siku mbili, likakubali kwa kura nyingi dhidi ya mmoja, yule wa spika. Jumapili ya kwanza ya Novemba, kirukanjia wakiwa wameshasafiri, tutakuwa pale maegesho ya karibu na Gills Lap kuanzia saa tatu asubuhi yenu, yaani nine o'clock mnavyohesabu ninyi. Magari matatu, watu wazima tisa, watoto saba wanaojua kutofautisha birchi na msonobari. Sururu mbili tunazo, moja mpini wake umelegea, fundi ameahidi. Moto hatutawasha. Chai tutakuja nayo kwenye chupa, yenye tangawizi, ya kuwatosha na ninyi.

Mkiona hatufai, mtume yule dada mwenye sare ya kijani aje atuambie. Tunamfahamu.

Wenu,
mzaliwa wa Marangu, mkazi wa kusini mwa London